Kona ya Melchior

Hadassa aliipenda ile nyumba kabla hajaiona. Aliipenda kwa masikio tu, kupitia redio ya foni, akiwa amesimama kwenye kibanda cha mbao mjini Beni huku watu waliopanga foleni nyuma yake wakisikiliza kila neno.

Mwaka ule wa 2001 barabara ya Beni na Butembo, kwa ajili ya vita, ilikuwa ikifunguka na kujifunga kama mlango usio na komeo. Ilipofungwa, wapendanao walibaki na foni. Phinées alikuwa Butembo kwenye karakana yake ya useremala, naye Hadassa alikuwa Beni na cherehani yake, kwenye baraza ya chumba cha kupanga. Kila mmoja akimaliza kusema ilimbidi atamke "à toi", yaani zamu yako, ndipo mwenzake ajibu. Na kwa kuwa mawimbi hayana pazia, yeyote mwenye foni kutoka Lubero mpaka Oicha aliweza kusikia. Phinées alipoeleza kwamba nyumba ni ya matofali ya kuchoma, mabati yake mazima, saloni ina madirisha mapana, sauti ya mama asiyejulikana iliingia katikati kutoka Mangina ikauliza kama jiko liko ndani ama nje. Phinées akajibu kwa adabu kwamba liko nje, mama, à toi. Foleni nzima ikacheka. Hadassa akacheka nao, shingo ikimwaka moto kwa haya na furaha.

Alikuwa na sababu ya kuitamani nyumba kuliko wasichana wengine. Tangu walipokimbia Mangina, yeye na mama yake Jokébed walihamishwa chumba hadi chumba. Mwenye nyumba huyu alileta ndugu zake waliokimbia vita, yule alitaka kuuza, mwingine hakupenda kelele za cherehani. Hadassa akajifunza kutopigilia hata msumari mmoja ukutani. Ndiyo maana baba yake mkubwa, Manassé, shemasi wa Kiprotestanti aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake, alitoa neno moja ambalo halikupinda: hatapokea mbuzi wa mahari, hata mwenye kilema, mpaka aone kwa macho yake paa ambalo hakuna mtu atakayemfukuza mwanawe chini yake. Upande wa Phinées ulinung'unika. Hadassa hakunung'unika. Kila jioni alipiga magoti akamwomba Mungu mambo mawili kwa pumzi moja, Phinées na mlango wao wenyewe, kisha akaomba msamaha kwa kutojua ni lipi alilitanguliza.

Barabara ilipofunguka, Manassé na Hadassa walipanda lori la kwanza lililokubali kuwabeba, wakakaa juu ya magunia ya mchele. Walifika Butembo wakiwa wamejaa vumbi na baridi. Phinées alikuwa akiwangoja stendi. Alivaa shati safi lililopigwa pasi, lakini unga wa mbao ulikuwa umesahaulika kwenye nyusi zake. Vidole vya Hadassa vilitaka kuufuta. Macho yao yakakutana, yakakaa pale pale, na miezi yote ya foni ikayeyuka, mpaka Manassé akakohoa kile kikohozi chake cha shemasi.

"Nyumba iko fasi gani?" akauliza. "Hatukupanda lori juu ya kuangalia nyusi."

Nyumba ilikuwa ya Mama Florentine, mjane Mkatoliki mwenye mwili mwembamba na sauti nene. Akishauza atahamia kwa mwanawe kule Masereka, kwa sababu, alisema, magoti yake yamechoka na vilima vya Butembo. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba Masereka ni vilima vitupu. Bei walikuwa wameshaelewana naye. Kilichobaki ni macho ya Hadassa na neno la Manassé.

Hadassa alikuja na mafundisho ya mama yake kifuani. Jokébed alimwambia asalimie jirani kabla ya kumsalimia mwenye nyumba, aangalie jiko kabla ya saloni, na asikubali chochote kabla mvua haijanyesha. Kwa hiyo alianza na jirani, Mama Kasika, aliyekuwa akimenya viazi mbele ya mlango wake. Mama Kasika alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akatabasamu, akampa kiazi kimoja cha kuchemsha. Hadassa akahesabu hilo kuwa jibu zuri.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama foni ilivyosema. Matofali mekundu, sakafu ya sementi iliyong'aa kwa miaka ya kufagiliwa, harufu ya moshi wa mkalitusi. Moyo wa Hadassa uliimba wimbo wa kanisani bila kufungua kinywa. Lakini aliona pia kwamba Phinées anasema sana. Phinées wake, ambaye kwa kawaida maneno yake yalikuwa machache kama misumari mizuri, siku hiyo alisifu bawaba, akasifu dari, akagonga fremu ya kila dirisha. Na kila Hadassa alipoelekea mlango wa nyuma, Phinées alikumbuka kitu kingine cha kumwonyesha mbele.

Kisha mvua ikaja, mvua ya Butembo isiyobisha hodi. Wakakaa saloni wakitazama juu. Manassé alitembea na kichwa chake nyuma kama mtu anayehesabu nyota, akitafuta tone. Hakuna tone. Akakiri mbele ya wote kwamba paa ni paa, na Phinées akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa niende kuona maji inaelekea fasi gani," Hadassa akasema.

Phinées alimwambia kuna matope. Hadassa akavua viatu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba, maharage yaliyopanda miti yao, na kwenye kona ya mbali, mbao mpya zimesimamishwa zikiegemea ukuta wa jiko. Maji ya mvua yalipita vizuri kwenye mfereji mdogo uliochimbwa kwa mkono wa mtu mwangalifu, yakazunguka mbao zile na kutokea njiani. Hadassa alitaka kujua kwa nini mfereji unazunguka. Akasogeza ubao mmoja, halafu wa pili.

Nyuma yake kulikuwa na sementi iliyolala, maua mekundu pembeni, na msalaba wenye jina Melchior.

Aliposimama wima, Phinées alikuwa nyuma yake, mikono imeanguka.

"Hii ni nini?"

"Ni Melchior. Bwana wa Mama Florentine."

"Ulijua tangu siku gani?"

"Ya kwanza."

"Kwa foni ulihesabu madirisha," Hadassa alisema polepole, "ukahesabu mabati. Lakini mutu muzima hukumuona."

"Hada, ningesema namna gani? Kutoka Lubero mpaka Oicha batu yote banasikiliza. Niseme, iko na kaburi moja, à toi?"

Kicheko kilimpanda Hadassa kooni, na kwa kuwa hakukialika, hasira yake ikawa mara mbili.

"Foni ni ya batu yote, nakubali. Na leo? Kutoka stendi mpaka hapa, foni ilikuwa fasi gani? Na hii mbao, ni nani alisimamisha?"

Phinées alitazama mbao zake kama mtu aliyesalitiwa na watoto wake. "Ni miye. Niliogopa utasema hapana."

"Ile hapana ilikuwa yangu, Phinées. Ni Mungu alinipa. Weye uliichukua kabla niitumie."

Hakupaza sauti, lakini Manassé alikuwa ameshafika na mwavuli, na nyuma yake Mama Florentine na fimbo yake. Manassé alitazama msalaba, akatazama rozari iliyotundikwa juu yake, akafunga mwavuli ingawa manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Alisema kwa utaratibu kwamba hana ugomvi na marehemu, wala na Wakatoliki, kuna hata mmoja aliyemuuzia baiskeli nzuri. Lakini mwanawe hatapika chakula chake kati ya mishumaa ya wafu. Alimwambia Hadassa achukue viatu vyake. Lori linarudi kesho.

"Melchior hasumbuake mutu," Mama Florentine akasema. "Wakati alikuwa muzima, pale ndiyo alisumbua."

Hakuna aliyecheka, basi akaendelea mwenyewe. Aliwaeleza kwamba mfanyabiashara mmoja alitaka kiwanja hiki kwa bei ya juu kuliko yao, ili ajenge depo ya bidhaa. Alipomuuliza atafanya nini na kona hii, yule bwana akajibu kwamba sementi ikimwagwa juu, magunia ya chumvi yatakaa vizuri. Alimfukuza kwa fimbo hii hii. Kuhamisha mifupa hakutaka, maana udongo huu Melchior aliulima mwenyewe, na mfereji ule ni wa mkono wake. Alichotaka ni wanunuzi watakaomruhusu aje kung'oa majani siku ya marehemu wote. Phinées alimwambia ndiyo. Alidhani Phinées amesema kwa kinywa chake na cha Hadassa.

Phinées aliinamisha kichwa. Hadassa alikwenda kuchukua viatu vyake.

"Ngoja, binti," Mama Florentine akasema. "Miye na Melchior tulinunua hapa tukicheka. Tulicheka mpaka hatukuona kama mulango wa jiko unaangalia upepo. Maisha yangu yote nimekula moshi juu ya kile kicheko. Nyinyi sasa mumekasirika. Mwenye hasira anaona muzuri. Muzunguke tena, nyinyi wawili, bila baba. Kama mutaipenda na hasira yenu, ni yenu. Kama hapana, mutaenda na miye nitabaki na magoti yangu."

Manassé alifungua kinywa kukataa, lakini Mama Florentine alikuwa ameshamshika mkono na kumwongoza kwenye chai.

Basi wakazunguka tena. Safari hii Hadassa alitangulia, na hakumsaidia Phinées kwa tabasamu hata moja. Kweli, mlango wa jiko ulikuwa unatazama upepo. Phinées akasema ataugeuza. Mlango wa chumba cha kulala uliburuta chini. Ataupiga randa. Juu ya dirisha la saloni palikuwa na ufa ambao hakuuona mara ya kwanza kwa sababu ya ule wimbo kifuani. Phinées akakwaruza kwa ukucha, akamwonyesha kwamba ni plasta tu, tofali liko salama. Hakusifu kitu chochote. Alijibu lililoulizwa na kunyamaza, na Hadassa, bila kutaka, alianza kumtambua tena mtu aliyempenda.

Kwenye chumba kidogo cha upande wa jua waliona mistari ya chaki ukutani, mmoja mrefu chini, mwingine juu yake.

"Hii?"

"Meza ya cherehani. Mwangaza unaingia kwa kushoto, mukono wako hautaleta kivuli. Ya juu ni mbao ya kupangia bitambaa."

Hadassa aliinua mkono. Mstari wa juu ulimfikia begani.

"Miye niko mufupi namna hii?"

"Nilipima kwa kichwa. Miezi ni mingi, Hada. Nilianza kukusahau urefu. Bingine sikusahau."

Alisema hivyo akitazama sakafu, masikio yakiwa mekundu chini ya weusi wake. Kisha akatoa kipande cha chaki mfukoni na kumpa. Hadassa alikishika muda mrefu. Hatimaye akasimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, akachora mstari pale mkono wake ulipofika kweli. Hakuwa amewahi kuandika kitu kwenye ukuta wa nyumba yoyote.

"Phinées. Siku ingine ukiwa na neno baya, unaniletea ile ya kwanza. Madirisha itangoja."

"Nitakuletea. Hata kama inanikata."

"Na ukificha?"

"Unirudishe kwa mama yangu na mbao zangu kichwani."

Sasa kicheko kilipata njia. Kilikuwa kidogo, lakini kiliwatosha wote wawili. Hadassa aliegemea fremu ya dirisha, akafumba macho, akamwambia Mungu maneno machache ambayo Phinées hakuyasikia, ingawa alivua kofia.

Walipotoka, Manassé alikuwa ameketi kibarazani na kikombe cha tatu, akibishana na Mama Florentine kama chai inatiwa tangawizi kabla ya maziwa au baada. Hadassa alipiga goti mbele yake kama inavyompasa mwana, akamweleza alichofikiri. Kona ile ikatwe kwenye kiwanja. Ipandiwe miche ya mpaka, na Phinées atengeneze kimlango upande wa njia. Kona ibaki ya Mama Florentine na watoto wake. Akija na mishumaa yake, ataingia kwake mwenyewe, si kwa Hadassa.

Mama Florentine aliuliza kwa uchungu kama Melchior atafungiwa kama mbuzi mwizi. Hadassa akamjibu kwamba miche itakatwa isipite magoti, ili watu wasalimiane. Mjane akawaza.

"Cherehani ataisikia?"

"Kutoka asubuhi, mama."

"Ni muzuri. Alikuwa anachukia kimya."

Lakini Manassé alitikisa kichwa. Kiwanja kilichomegwa ni kama mkate ulioumwa, alisema, na watu wa kanisa watauliza maswali. Hakuwa mkali. Alikuwa mzee anayeogopa kufanya kosa katika jambo la mwana asiye wake wa kumzaa, na hofu hiyo ilimfanya awe mgumu kama mti mkavu. Hadassa alijua. Alishika mkono wake.

"Baba mukubwa, baba yangu, ni nani anamupalilia?"

Mdogo wa Manassé, ndiye baba yake Hadassa, alizikwa nyuma ya nyumba yao ya Mangina, karibu na mibuni, na katika nyumba ile sasa waliishi watu wasiowajua.

"Kuna mama anaanika nguo pale," Hadassa akasema. "Kila siku namuomba Mungu ule mama akuwe mutu muzuri. Leo Mungu ananiuliza kama na miye niko mutu muzuri. Nimujibu nini?"

Mvua ilikuwa imekwisha. Kutoka kwa jirani ilisikika sauti ya kisu kwenye viazi. Manassé alitazama kikombe chake mpaka macho yake yakawa tayari kutazama watu. Kisha akavua koti, akalikunja upande wa bitana nje kama alivyofundishwa na mkewe, akampa Phinées.

"Jembe iko fasi gani?"

Majirani waliitwa, maana mpaka usio na mashahidi ni maneno tu. Mama Kasika alileta miche kutoka kwenye ua wake, ile ambayo haifi hata ukiipanda kichwa chini. Mumewe Stanislas, ambaye ndiye mkubwa wa majirani upande ule, alikuja amevaa koti lake la misa. Desturi ilitaka pombe ya ndizi, lakini kwa heshima ya shemasi Manassé ilipikwa chai, na Mama Florentine alilalamika kwa kila aliyepita kwamba mpaka uliopandwa kwa chai utasinzia. Manassé alichimba mashimo mwenyewe, Phinées akapima mstari kwa kamba, Hadassa akashika miche. Mara moja vidole vyao wawili vilikutana ndani ya udongo uliolowa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuvitoa.

Mche wa mwisho ulipoingia, Stanislas alisimama kati ya kona na nyumba, akauliza juu ya kiwanja, kama wazee wanavyouliza, ili wote wasikie:

"Mwenye parsele ni nani?"

Kwa desturi ni mwanaume anayejibu. Watu wakamgeukia Phinées. Yeye akamtazama Hadassa, akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mpana kama mlango uliofunguliwa.

Hadassa akapiga hatua mbele. "Hadassa na Phinées," akasema.

"Hadassa na Phinées," majirani wakarudia, kwa sababu jina lililorudiwa na majirani halifutiki.

"Ngoja kwanza," Manassé akasema, akiegemea jembe. "Mbuzi haijafika, na majina inaanza kuunganishwa?"

"Lakini Baba, ulisema hautapokea mbuzi," Phinées akasema.

"Nilisema vile wakati mwana wangu alikuwa hana nyumba. Sasa iko na nyumba na haina bwana. Unataka Beni yote iseme nini?" Akamkabidhi Phinées jembe. "Barabara ingali wazi. Ulete mbuzi. Lori ikikosa, batembee."

Phinées alisema watafika. Alisema hivyo kwa shemasi, lakini macho yake yalikuwa kwa Hadassa, na Hadassa, mbele ya majirani wake wote wapya, hakuyakwepa. Akanyoosha kidole chenye matope na kuufuta ule unga wa mbao kwenye nyusi zake, na safari hii hakuna aliyekohoa.